Pua Waliyoninyooshea

Mjukuu wangu anataka pua nyingine. Juzi alikaa barazani kwangu na simu yake, akawa ananionyesha picha za wanaume wa mjini, kabla na baada, kabla na baada, mpaka macho yakaniuma. "Babu," akaniuliza, "si wewe ulifanyiwa zamani? Hebu niambie, mwanamume ategemee nini?" Nikamwambia aniache kwanza ninywe chai. Lakini chai yenyewe haikupita.

Jibu ninalo. Mwanamume ategemee kuvimba, kutokwa damu, kulala ameketi, na kupumulia mdomo kama kuku wa kiangazi. Hayo yote yatapita. Yale ambayo kwangu hayakupita hayakufanywa na daktari. Yalifanywa na watu niliokuwa nakula nao sahani moja, na leo nitayasema, maana wengi wao wamekwisha kufa na mimi sijapoa.

Pua niliyozaliwa nayo haikuwa na shida. Iliharibika wakati wa kuhamia vijijini. Sisi tulikaa ng'ambo ya mto Mkondoa, nyumba moja huku, nyingine kule, kila mtu na mashamba yake, tukaambiwa tuhame, tukajenge kwa mistari karibu na barabara ya Kilosa. Lori likaja. Tukapakia kila kitu, hadi nguzo za nyumba, kwani nani aache mti mzuri porini? Mimi nilikaa juu ya mizigo. Tulipofika kwenye korongo lori likaruka, boriti moja ikateleza, ikanipiga usoni. Niliona nyota mchana kweupe.

Dawa ilikuwa majani na maji ya moto. Ilipopona, pua ilikuwa imelala kushoto na tundu moja limeziba kabisa. Vijana wenzangu wakapata kazi ya kufanya. "Huyu bwana uso unakwenda Kidete, pua inakwenda Kimamba," wakasema, yaani stesheni mbili za reli, moja ya upande wa Dodoma na nyingine ya upande wa Morogoro. Nilicheka nao. Nikirudi nyumbani nilichukua kipande cha kioo, nikaisukuma pua kwa kidole gumba, nikaishikilia hapo hapo imenyooka, nikajitazama. Nikiachia, inarudi. Nilikuwa naichukia ile pua kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote wakati ule.

Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, lakini kwetu hilo halikunifanya yatima sana. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Baba anakuzaa, anakupenda, basi. Anayekuamulia ukae wapi, ulime wapi, uoe wapi, ni kaka wa mama yako. Mjomba alinilea mimi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kunipiga hata mara moja. Alikuwa na mabinti watupu. Kazi zote za kiume za nyumba ile, kufyeka, kuezeka, kulinda mpunga usiliwe na nguruwe, zilikuwa zangu, na nilizifanya kwa moyo. Ningemfia mzee yule. Naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Kijiji chetu kikafungua duka la ushirika, nikachaguliwa kuuza, kwa sababu nilijua hesabu. Wauzaji wa maduka ya vijiji tukaitwa semina Mikumi. Nikapanda treni ya tawi la Kidatu, nikashuka Mikumi, na huko ndiko nilikomwona binti aliyekuwa akifundisha watu wazima kusoma. Darasa lake lilikuwa chini ya banda la makuti, jirani na sisi. Wanafunzi wake walikuwa mabibi wenye wajukuu, naye aliwaamkia kwanza shikamoo wote, halafu ndipo akawakaripia kwa sababu ya herufi. Watu wake walikuwa wameteremka kutoka milima ya Vidunda.

Siku ya kwanza aliniangalia vizuri, akasema, "Kaka, hiyo pua inatafuta nini kule pembeni?"

"Inakutafuta wewe," nikamwambia. "Nilikaa upande usiofaa."

Akacheka mpaka akashika nguzo ya banda. Mimi mtu niliyejificha nyuma ya kaunta ya duka, nikiongea na wateja nimeinamisha uso, nilijikuta nasimama mbele ya binti mzuri, uso wangu wote nje, nikijibu mizaha. Semina ilipokwisha nikatafuta visingizio. Mara nimefuata chumvi Mikumi, mara nimefuata majembe. Hatimaye akaniambia mwenyewe, bila kuzunguka, "Walete wazee wako. Mjomba wangu si mkali."

Nilirudi nyumbani siwezi kula. Nikamweleza mjomba. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri. Nitakwenda." Nilimbusu mkono.

Sasa hapa lazima nieleze jinsi mambo yalivyo kwetu, la sivyo utaniona mjinga. Posa ni mazungumzo ya mjomba kwa mjomba. Muoaji hayupo, muolewaji hayupo. Wanaingia wazee ndani, wanatoka na jibu, na wewe unachopewa ni jibu tu. Kuuliza walisemaje huko ndani ni kukosa adabu. Mjomba alimchukua mtani wetu mmoja, mama wa makamo kutoka milimani, amsindikize. Mtani ndiye anayefaa kwa kazi hiyo, kwa sababu anaweza kusema lolote na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia.

Tena jambo lingine: kwetu mwanamume akioa, anahamia kwa wakwe. Analima kwao. Mimi ningeoa Mikumi, ningekwenda kuishi Mikumi. Nililijua hilo, mjomba alilijua, wala halikunipitia akilini kwamba lingeweza kumuuma.

Aliporudi alikaa kwenye kigoda chake, akavua viatu polepole. "Wamekupenda," akasema. "Kazi yako wameisikia, tabia yako wameisikia. Ila wana neno moja. Pua."

"Pua?"

"Wanasema ukoo wao haujawahi kuwa na uso wa hivyo. Wanaogopa watoto."

Mtani wetu alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu, na yeye kutosema kitu lilikuwa jambo la ajabu, lakini mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, sikumtazama. Niliamini. Na kwa nini nisiamini? Ndilo neno nililokuwa nimelingoja tangu siku ya lori. Kama mjomba angesema wamenikataa kwa sababu ya uvivu ningepanda treni siku ileile kwenda kubisha. Lakini pua! Pua nilikuwa nakubaliana nao.

Mjomba akaniwekea mkono begani. Akasema amesikia kuna daktari mgeni amekuja katika hospitali moja ya misheni kule milimani, anatengeneza nyuso: watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka, watu walioungua moto. "Nitakupeleka mwenyewe," akasema. "Ukitoka huko, tutakwenda Mikumi kichwa juu." Nililia, nakwambia. Mwanamume mzima, nililia kwa shukrani.

Kuondoka kijijini siku zile kulitaka ruhusa, maana kengele ya shamba la ujamaa ikigongwa kila mtu awe amesimama na jembe lake. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. "Unaumwa nini?" Nikasema pua. "Inauma?" Nikasema inaziba. Akaniangalia, akamwangalia mjomba, akasema, "Taifa linajengwa, wewe unajenga pua?" Watu waliokuwa pale ofisini walicheka wiki nzima. Lakini ruhusa akatoa, kwa heshima ya mjomba.

Hospitalini daktari aliuliza kupitia kwa nesi: kwa nini nataka kufanyiwa? Nikasema, ili nipumue. Daktari akatabasamu, akasema neno, na nesi akacheka kabla ya kunitafsiria: "Anasema wanaume wote husema ni kupumua. Wanawake ndio husema kweli." Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akanieleza sawasawa, na namheshimu mpaka leo kwa hilo. Alisema pua itanyooka lakini haitakuwa ileile niliyozaliwa nayo. Alisema nitavimba uso wote, macho yatakuwa meusi, na nisijitazame kwenye kioo wiki za mwanzo nikadhani nimeharibiwa. Nisipenge. Nikitaka kupiga chafya nifungue mdomo. Nisibebe mzigo, nisiiname kulima mpaka mfupa ushike. Ncha ya pua itakufa ganzi, na huenda hisia zisirudi zote. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyenilazimisha. Nikasema hakuna.

Walinichoma sindano za ganzi, sikulala. Maumivu hayakuwepo, lakini masikio yalikuwa yangu. Nilisikia patasi ndogo na nyundo ndogo, na mfupa ukivunjika ndani ya kichwa changu, ko, ko, ko, kama mtu akikuchongea mlango ndani ya fuvu. Nilikuwa nashika kingo za kitanda nikiwaza banda la makuti na mabibi wakisoma. Halafu wakayajaza matundu ya pua shashi, wakaniwekea plasta, wakanizungushia bandeji kichwa kizima mpaka nikabaki macho na mdomo.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mzee mfugaji aliyevunjika mguu. Masikio yake yalikuwa yametobolewa na kuvutwa mpaka yanagusa mabega. Aliniangalia siku nzima, mwisho akauliza, "Hiyo pua ilikuwa inakuuma?" Nikasema hapana. "Sasa?" Nikamwambia ilikuwa imepinda. Mzee akatikisa kichwa, masikio yakapepea. "Nyinyi watu wa majembe mna mambo," akasema.

Ile siku ya kutolewa shashi, ndipo utajua kama wewe ni mwanamume. Unahisi wanavuta ubongo wako kupitia puani, na inavutwa, inavutwa, haiishi. Nilipiga kelele mpaka watoto wenye midomo ya kushonwa wakanicheka. Baada ya hapo, hewa ikaingia. Tundu lile lililoziba likapitisha hewa baridi mpaka nyuma ya kichwa. Nikasikia harufu ya sabuni, ya uji, ya mvua. Nitamwambia mjukuu wangu hilo pia, nisije nikawa mnafiki: lilikuwa jambo tamu sana.

Kabla sijafunguliwa bandeji mjomba alikuja kunitazama, akiwa na mzee mmoja nisiyemjua. Hawakuingia. Walisimama kwenye ukumbi wa nje, wakanitazama dirishani, na yule mgeni akaziba mdomo kwa shuka lake. Nikapunga mkono. Mjomba akanipungia. Baadaye aliniambia yule ni mjomba wa binti, amekuja mwenyewe kujua hali, na amenihurumia sana. Niliona huo ni upendo mkubwa. Nikamwomba nesi amwombee Mungu mzee yule.

Uvimbe ulipopungua, pua ikatokea. Ilikuwa nzuri. Nasema kweli, ilikuwa imenyooka, ina mgongo, ina heshima zake. Nilipofika kijijini waliokuwa wakinitania walinyamaza, wakaishia kuniuliza kama daktari yule hatengenezi na meno. Kwa mjomba, binti yake wa tatu, binamu yangu tuliyekua pamoja tukigombania ukoko, alinipokea mfuko, akanitazama muda mrefu. Kila mtu alisema neno kuhusu pua ile. Yeye hakusema hata moja.

Sikumngoja mjomba. Nilinyoosha shati, nikapanda treni ya Mikumi peke yangu, nikienda kumwonyesha. Njia nzima nilikaa dirishani ili watu wanione kwa upande.

Pale kwao mama yake alinikuta uani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kwa mbali, mikono yake akiifungia ndani ya khanga, hakunipa. Akaniletea maji katika kikombe cha bati, akakiweka chini mbele yangu, akarudi nyuma. Nikanywa. Binti akatoka ndani, akasimama mlangoni, wala hakuvuka kizingiti. Alinitazama pua. Akaanza kulia.

"Ungeniambia mwenyewe," akasema. "Kwa nini nisikie kwa wazee?"

"Nilitaka nikushangaze," nikamwambia, nikitabasamu, Mungu wangu, nikigeuza uso ili aione vizuri.

Akazidi kulia, akaingia ndani. Mama yake akaniambia kwa upole niende, mambo yamekwisha, nisirudi tena. Nilipokuwa nimefika kwenye njia nikageuka. Yule mama alikuwa amekiinua kile kikombe kwa kijiti, anakwenda kukitupa shimoni. Nilikiona kwa macho yangu na sikuelewa. Nilidhani ni majivuno. Nilidhani, hata baada ya kuchanwa uso, bado sura yangu haijawatosha watu hawa, na njiani nikawatukana moyoni kwa kila tusi nililolijua.

Mjomba hakunigombeza kwa kwenda bila yeye. Alinifariji. "Watu wa huko wana maringo," akasema. "Wewe una kwenu." Msimu uliofuata, baada ya mavuno, akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini kama nimewahi kumfikiria binti yake wa tatu. Kwetu kuoa binti wa mjomba ni jambo la heshima, tena mtu hahami popote, shamba ni lilelile, jiko ni lilelile. Nikasema nimekubali. Sikuwa na hasira naye, sikuwa na hamu naye. Nilikuwa nimechoka. Naye akawa mke mwema, hilo sitalipinga hata mbele ya Mungu. Tukazaa. Nilimzoea, halafu nikampenda, kidogokidogo, bila kujua ni lini ilianza.

Mjomba alikufa miaka ile ya foleni, wakati sukari ilikuwa habari, na sanda ya kumzikia tuliitafuta mpaka Kimamba. Nililia sana. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea.

Tukarudi msibani, watani wakaanza kazi yao. Usiyejua atashangaa, lakini kwetu msiba bila watani ni msiba mkavu. Wanamwigiza marehemu: anavyotembea, anavyokula, anavyobana matumizi, na wafiwa hucheka huku machozi yanatoka. Sheria yake ni moja: huruhusiwi kukasirika. Ukimkasirikia mtani mbele ya watu umeuaibisha ukoo wako wote.

Akasimama yule mama mtani aliyemsindikiza mjomba Mikumi. Sasa alikuwa mzee, lakini sauti ilikuwepo. Alivaa kanzu ya marehemu na kofia yake, akashika bakora yake, akatembea kile kimwendo chake cha kuinama, watu hoi. Akaigiza jinsi alivyokuwa akificha tumbaku. Akaigiza jinsi alivyomwogopa mke wake. Kisha akasema, "Sasa mwoneni alivyokwenda Mikumi kumposea mpwa wake!"

Mimi nilikuwa nacheka bado.

Akakaa chini, akakohoa, akateremsha sauti, ikawa sauti ya mjomba kabisa. "Wazee wenzangu, kijana wangu ni mchapa kazi, hana neno. Lakini mimi ni mtu wa dini, siwezi kuwaficha. Ana ukoma. Umeanzia puani. Tunampeleka misheni, na msiponiamini njooni mmwone alivyofungwa kichwa." Akageuka, akawa yule mzee wa Mikumi, akaziba mdomo kwa shuka, macho yamemtoka, akakimbia akijikwaa. "Na mpwa mwenyewe," akasema, "anatoka hospitali na pua ya kizungu, anakimbilia Mikumi kuringa! Wakasema, kumbe kweli, ile yake imeliwa, hii wamembandika!"

Watu walianguka. Watu waligaragara. Wazee walikuwa wanafuta machozi, na katika vicheko vyao nikaona kitu kibaya: wazee wale hawakuwa wanashangaa. Walikuwa wanakumbuka. Mtani mwenyewe alinifinyia jicho, bila ubaya wowote, maana alidhani niliambiwa siku nyingi. Mtu gani alale nyumba moja na mkwewe miaka yote hiyo asijue alivyopatikana?

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, ningefanyaje? Mila ilinishika koo. Nilicheka kwa sauti mpaka mbavu zikauma, na ndani yangu nilikuwa naona kikombe cha bati kinakwenda shimoni, na binti wa watu anasimama mlangoni analilia mwili wangu kwamba unaoza. Alinililia mimi! Alifikiri nakwenda kufa vipande vipande, nami namgeuzia shavu aone mgongo wa pua. Ningekuwa na uwezo ningemfukua mzee yule nimuulize swali moja tu.

Nikatupa macho upande wa wanawake. Wote walikuwa wanacheka isipokuwa mke wangu.

Sikumuuliza mbele za watu. Nilimngoja kesho yake mchana, alipokuwa nyuma ya nyumba anachagua maharage ya kulisha waombolezaji. Nikachuchumaa mbele yake. "Ulijua?"

Hakuinua uso. "Nilijua."

"Tangu lini?"

Mikono yake ikaendelea kuchagua, jiwe huku, harage huku. "Baba hakujua la kusema," akajibu. "Alikuwa analia, anasema unaondoka, nani atamlimia. Maneno yale nilimpa mimi."

Nilimwambia arudie. Akarudia, kwa sauti ileile. Akasema alikuwa msichana, hakuwa na njia nyingine, kama angesema ananitaka ningemcheka kama dada yangu. Akasema alimwona mtu mwenye ukoma sokoni Kilosa, ndipo wazo likamjia.

"Na kunipasua uso? Hilo nalo ni lako?"

"La baba. Alitaka wakuone umefungwa." Hapo ndipo aliponitazama. "Mimi nilimkatalia hilo. Mimi pua yako sikuwa na ugomvi nayo."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kuweka kichwa changu mapajani pake nilie, na hayo mawili yalikuja pamoja, nikabaki nimechuchumaa kama mpumbavu mpaka miguu ikafa ganzi. Nilimuuliza kama aliwahi kumfikiria yule wa Mikumi. Akasema, "Kila siku." Nikamwambia sitaki kusikia sauti yake tena. Akasema, "Sawa," akanyanyua ungo wake, akaenda kuweka maharage jikoni.

Nilikusudia kuondoka. Nilikuwa nimefunga nguo zangu. Lakini kwetu mjomba akifa, mpwa anachukua jina lake. Si mali tu. Jina lenyewe, na kigoda, na nafasi yake. Ukoo haukai bila mtu huyo, na sikuwa na ndugu wa kiume. Mama yangu, dada wa marehemu, alikuwa hai, haoni tena vizuri, alinishika mkono akasema, "Usituache wazi, mwanangu." Sikuweza kumweleza. Ningeanzia wapi kumwambia kaka yake alikuwa nani, naye bado amejifunga khanga ya msiba?

Basi siku ya kumaliza matanga wakanikalisha kwenye kigoda chake. Wakanivalisha kanzu ileile aliyoivaa mtani, wakanipa bakora, wakanipaka unga mweupe kwenye kipaji cha uso na kuuteremsha mpaka ncha ya pua, mahali nisiposikia kitu. Mzee wa ukoo akauliza kwa sauti kubwa, "Wewe ni nani?" Jibu ni moja. Kama hulitaji, umekataa. Mimi nikakaa kimya mpaka mama yangu akaanza kupapasa hewani kunitafuta.

Nikataja jina lake.

Vigelegele vikapigwa. Kwa desturi, watoto wa marehemu huja mmoja mmoja kumwamkia mrithi, kwa kuwa sasa yeye ndiye baba yao. Akaja binti wa kwanza, akapiga goti. Akaja wa pili. Watani wakaanza kupiga kelele za furaha, maana waliona anayefuata: "Leo utamwamkia mumeo! Piga goti, mama, piga goti!" Uwanja mzima ukacheka.

Mke wangu akaja. Akapiga magoti yote mawili kwenye vumbi, akainua uso, akanitazama machoni.

"Shikamoo, baba," akasema.

Nikamwitikia marahaba.